SITARA YA KWELI: SOMO JUU YA MIMBA ZA WASICHANA WADOGO

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, waume kwa wake, mara hii tumelichagua kuwa somo la darsa jambo ambalo watu wa miji yetu hulisema kwa kunong'ona, ilhali madhara yake yaonekana mchana kweupe. Jambo lenyewe ni msichana mdogo kushika mimba.

Msichana akibainika kuwa ana mimba, neno la kwanza litokalo vinywani mwa watu wa nyumba si kuuliza hali yake, wala kuuliza daktari yuko wapi. Neno la kwanza ni, "Watu watasemaje?" Tangu hapo kila lifanywalo hufanywa kwa ajili ya macho ya majirani. Hufungiwa chumbani asionekane mlangoni. Au husafirishwa usiku akapelekwa shamba kwa jamaa. Huondolewa skuli, na chuoni pia hakanyagi tena. Hutafutwa mume wa upesi upesi. Na wengine, Mungu atulinde, huletewa majani na vidonge vya kuiharibu mimba. Yote haya watu wetu wameyapa jina zuri: wayaita sitara.

Sisi twasema kuwa hii si sitara. Mimba ya utotoni ina hatari zake, nasi tutazieleza. Lakini sehemu kubwa ya hatari hizo yaweza kuepukwa au kutibiwa iwapo msichana atafikishwa mapema kwa wenye ujuzi. Kinachomwua mara nyingi ni kuchelewa, na kinachomchelewesha ni kufichwa. Hili ndilo neno letu katika somo hili, na yaliyobaki ni kulipambanua.

I. KADIRI YA JAMBO LENYEWE

Wako wanaodhani kuwa haya ni mambo ya watu wengine: ya mashambani, au ya bara, au ya wasio na dini. Basi na watazame hisabu. Uchunguzi mkubwa wa afya ya watu wa Kenya uliofanywa na serikali mwaka 2022 uliona kuwa katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 15 walikuwa wamekwisha kushika mimba. Katika uchunguzi kama huo wa mwaka 2014 walikuwa 18 katika 100. Idadi imeshuka, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini kwa hisabu hiyo ya nchi nzima, wakikaa mkekani wasichana 30 wa umri huo, 4 au 5 miongoni mwao wameyapata haya.

Pwani nayo haikusalimika. Mwaka 2018, wakati wa mtihani wa kumaliza skuli za msingi, khabari za watahiniwa waliojifungua siku zile zile za mtihani zilienea nchi nzima, na Kaunti ya Kilifi ikatajwa sana. Wengi walizilaumu disko za matangani. Hatukatai kuwa ngoma za usiku zina fitina yake; lakini mlango wa balaa hili si huo mmoja. Uko mlango wa umaskini: msichana asiye na nauli ya skuli wala vitambaa vya hedhi hupata mtu wa kumpa, na mtoaji huyo hatoi bure. Uko mlango wa nyumba zenyewe: jamaa aaminiwaye, au mwalimu wa masomo ya jioni, au mpangaji wa chumba cha uani. Uko mlango wa simu, ambao huingia chumbani bila kubisha hodi.

Tena uko mlango wa kuacha masomo. Uchunguzi ule wa mwaka 2022 waonyesha kuwa wasichana wa umri huo wasiosoma kabisa, karibu 4 katika kila 10 walikuwa wamekwisha kushika mimba. Na waliosoma kupita sekondari walikuwa 5 tu katika kila 100. Kadhalika, skuli zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, watafiti waliwafuatilia wasichana wa sekondari huko magharibi ya Kenya, na matokeo yao yakatolewa mwaka 2022: wale ambao masomo yao yalikatizwa na kufungwa huko walikuwa na hatari ya kushika mimba mara mbili kuliko wale waliokwisha kumaliza masomo kabla yake. Basi na ajue mzazi kuwa kumwondoa binti skuli kwa kuchelea asiharibike ni kubomoa ukuta kwa kuogopa wezi.

II. MWILI WA MSICHANA NA MZIGO WA MIMBA

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Luqman, aya ya 14, ametukumbusha kuwa mama humchukua mwanawe tumboni katika udhaifu uliojipandia juu ya udhaifu. Hiyo ni hali ya mama aliyekomaa. Basi yakuwaje kwa yule ambaye mifupa yake mwenyewe haijamaliza kukua?

Watu wetu hudhani kuwa msichana akisha kuvunja ungo amekwisha kuwa mwanamke kamili. Wataalamu wa tiba wasema sivyo. Kuvunja ungo ni mwanzo wa safari, si mwisho wake. Mifupa ya nyonga, ambayo ndiyo njia ya kupitia mtoto, huendelea kupanuka kwa miaka kadhaa baada ya hedhi ya kwanza. Kwa hiyo msichana wa miaka 13 au 14 aweza kushika mimba kabla njia ya kumtolea mtoto haijakuwa tayari. Tutazieleza hatari nne zilizo kubwa.

Ya kwanza ni kifafa cha mimba. Mshipa wa damu hupanda kwa nguvu katika mimba, hasa mimba ya kwanza, na ukiachwa bila kutibiwa mama hushikwa na degedege, akazimia, na pengine akafa yeye na mwanawe. Dalili zake ni kuumwa na kichwa kusikotulia, kuona kiwi au ukungu, kufura uso na mikono, na maumivu ya chembe cha moyo. Katika nyumba zetu mtu akishikwa na degedege husemwa kuwa ni pepo, akafukizwa ubani na kusomewa. Kumsomea Qur'ani mgonjwa ni jambo jema, wala hatulikatazi. Lakini asomewe akiwa njiani kwenda hospitali, kwani iko sindano ya kuzuia degedege hiyo, na kila saa ipitayo bila sindano ni hatari.

Ya pili ni upungufu wa damu. Msichana anayekua ahitaji chakula cha kumkuza yeye. Akiwa na mimba, wawili hugombania sahani moja. Hapa pwani tuna malaria, nayo huila damu ya mjamzito. Msichana aliyeishiwa damu aweza kuufikia uchungu salama, kisha akatokwa na damu ambayo mwenziwe mwenye afya angeistahimili, yeye ikamwua.

Ya tatu ni uchungu wa muda mrefu. Mtoto asipoweza kupita, na msichana akiachwa ndani siku mbili au tatu kwa sababu wakubwa wamekataa asionekane hospitali, kichwa cha mtoto hubana nyama laini juu ya mfupa hata damu isipite. Nyama hizo hufa, na baada ya siku chache hufanyika tundu baina ya njia ya uzazi na kibofu, au baina yake na njia ya haja kubwa. Maradhi haya ndiyo yaitwayo fistula. Mkojo humtoka bila kuzuilika usiku na mchana, na mara nyingi mtoto wake mwenyewe huwa amezaliwa maiti. Watu humkimbia kwa harufu, naye hujitenga. Wengine wao huacha hata kusali, wakidhani kuwa najisi hiyo imewatoa katika sala. Hilo ni kosa, na wanavyuoni wa fiqhi wamelieleza zamani: mwenye hadathi isiyokatika hujisafisha, akajifunga kitambaa, akatawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya kuingia wakati wake, akasali, na sala yake ni sahihi. Tena ajue kuwa fistula hutibika. Wako madaktari wa upasuaji wa kuliziba tundu hilo, na wengi wamepona wakarudi katika maisha yao.

Ya nne ni homa ya uzazi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa mama wa miaka 10 hadi 19 wana hatari kubwa zaidi kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24, katika kifafa cha mimba, katika kuingiwa na vijidudu kwenye mfuko wa uzazi baada ya kujifungua, na katika maradhi hayo kuenea mwili mzima. Na watoto wao nao huzidi kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, au wakiwa na uzito usiofika kilo 2 na nusu, na mtoto wa namna hiyo maisha yake huwa juu ya uzi mwembamba katika siku zake za mwanzo.

Hatusemi haya ili kuwatia watu khofu ya bure. Si kila msichana hupatwa na hayo; wengi hujifungua salama. Lakini wanaosalimika zaidi ni wale waliopimwa damu na mkojo na mshipa mapema, wakapewa dawa za kuongeza damu, wakalala ndani ya chandarua, na wakazalishwa na mkunga aliyesomea kazi hiyo. Tangu mwaka 2016 Shirika hilo la Afya lanasihi kuwa mjamzito aonekane na wauguzi si chini ya mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kupita. Sasa tazameni: msichana aliyefichwa hata mwezi wa saba, mara ngapi zimekwisha kumpita?

III. YANAYOFUATA BAADA YA KUJIFUNGUA

Akisalimika mwili, msiba mwingine humngoja mlangoni. Masomo yake hukatika. Asiyesoma hapati kazi ila ya ujira mdogo, na mtoto wake hukua katika nyumba ya bibi ambaye mwenyewe hana kitu. Wenziwe wa zamani hukatazwa kusuhubiana naye. Katika harusi hatakiwi, na matangani husengenywa. Wengine huingiwa na majonzi mazito hata wakatamani kufa, na jambo hili watu wetu hawalihisabu kuwa ni maradhi, nalo ni maradhi yahitajiayo tiba na maliwazo. Na aliyekata tamaa ya kurudi katika heshima huwa mwepesi wa kudanganywa mara ya pili, akapata mimba ya pili kabla ya kutimiza miaka 20.

Ama mtoto aliyezaliwa, yeye hubebeshwa jina baya kabla hajajua kusema. Twawauliza wenye kumwita jina hilo: amekosa nini? Qur'ani imekariri mahali pengi kuwa hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Mtoto huyu amezaliwa juu ya maumbile safi kama mwana wa mfalme. Anayemtukana kwa alivyozaliwa ajiandae kujibu.

Na yule mwanamume? Yeye yuko barazani, akinywa kahawa. Hakuna aliyemwondoa kazini, wala skuli, wala katika safu ya sala. Je, huu ndio uadilifu wa Kiislamu? Katika Sura ya An-Nur Mwenyezi Mungu amewaamuru wanaume kwanza, katika aya ya 30, wainamishe macho yao na wahifadhi tupu zao. Kisha ndipo, katika aya ya 31, akawaamuru wanawake. Sisi tumeigeuza mpango: tumeianza na aya ya pili, na ya kwanza tumeisahau.

IV. SITARA ZA UONGO

Turudi sasa katika yale mambo yaitwayo sitara, tuyapime moja moja.

Kwanza, kumficha. Tumekwisha kuonyesha kuwa kufichwa ndiko kumnyimako matibabu. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, ametukataza tusijitupe katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Basi vipi mzazi amtupe mwanawe humo?

Pili, kuiharibu mimba kwa siri. Majani yasiyojulikana kipimo chake, na vidonge vya kununuliwa kwa kificho, na vyuma visivyosafishwa, vimekwisha kuua wasichana wengi kwa kutokwa na damu na kwa kuoza mfuko wa uzazi. Ayatendaye haya kwa ajili ya kuficha kosa moja huongeza juu yake kosa kubwa zaidi, na pengine roho mbili zikapotea mahali pa moja. Na msichana ambaye tayari amekunywa kitu cha namna hii, akaona damu au homa au harufu mbaya, apelekwe hospitali saa ile ile, bila ya kuhojiwa kwanza. Masuali yangojee, damu haingoji.

Tatu, ndoa ya upesi. Hii ndiyo dawa ipendwayo zaidi, nayo haitibu. Ikiwa makusudio ni kumpa mtoto nasaba, basi katika madhehebu yetu ya Shafi, mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia miezi 6 tangu ndoa hafungamani na mume kwa ndoa hiyo. Ikiwa makusudio ni kumlinda msichana, basi amepewa mtu ambaye mara nyingi hakumtaka ila kwa kutishwa, naye humwacha kabla mtoto hajaota meno. Na iwapo huyo mume ndiye aliyemlazimisha, basi amekabidhiwa mbuzi kwa fisi.

Wengine huwaoza wasichana hata wasio na mimba, wakisema kuwa wawahi kabla ya aibu. Tunawakumbusha maneno ya Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim: amenakili kutoka kwa Imamu Shafi na wafuasi wake kuwa yapendeza baba asimwoze binti yake bikra mpaka abaleghe na atakwe idhini yake, ili asije akatiwa katika kifungo cha mume naye hamtaki. Huyu ndiye imamu wetu, na hiki ndicho kitabu chetu. Tena mimba ya ndani ya ndoa haimpanui msichana nyonga zake. Kifafa na fistula hazimwulizi mtu hati ya ndoa.

Tena sheria ya nchi imelikataza jambo hili. Wako wasemao kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, iliyoweka umri wa miaka 18, ina kifungu kiwatoacho Waislamu katika yale yanayopingana na sheria yao. Twawajibu: Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 haikumtoa mtoto wa Kiislamu. Kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na ndoa ya mtoto imekatazwa.

Nne, kuyamaliza nyumbani. Wazee wa pande mbili hukutana, hutolewa fedha kidogo, husomwa fatiha, na mambo yakesha. Msichana hakuulizwa neno. Na ajue kila mzee akaaye katika kikao hicho kuwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 imeweka kifungo cha si chini ya miaka 20 kwa aliyemwingilia mtoto wa miaka 12 hadi 15, na si chini ya miaka 15 kwa aliyemwingilia wa miaka 16 hadi 18. Na aliyemwingilia wa miaka 11 au chini yake, kifungo chake ni cha maisha. Kusema kuwa mtoto alikubali si udhuru. Anayepokea fedha ili kuinyamazia dhulma hii amemwuza binti yake, na bei ameila mwenyewe.

V. MAJIBU KWA WENYE KUTETA

Atasema msemaji: "Bibi zetu waliolewa wadogo, wakazaa kumi, wakaishi." Jawabu letu ni kuwa wewe wawahisabu waliobaki. Waliokufa kwa uchungu hawakuacha wajukuu wa kuja kututolea ushahidi barazani. Ulizeni katika kila ukoo wa zamani, mtasikia majina ya waliokufa katika uzazi, na watoto waliozikwa pamoja nao.

Atasema mwingine: "Tukimhurumia aliyekosea, tutakuwa tumeifungulia zinaa mlango." Jawabu letu ni kuwa hatukuihalalisha zinaa, wala hakuna awezaye kuihalalisha, Mola wetu ametukataza hata kuikaribia. Lakini tazameni mwenendo wa Mtume (S.A.W.). Imamu Muslim amepokea hadithi ya mwanamke wa kabila la Juhayna aliyekuja kwa Mtume akiwa mjamzito kwa zinaa, akakiri kwa ulimi wake. Mtume alimwita walii wake, akamwamuru amtendee wema mpaka atakapojifungua. Si hapa mahali pa kuzungumza mambo ya hukumu. Tunalolitaka ni amri hiyo moja aliyopewa walii: kumtendea wema. Ikiwa hivyo ndivyo alivyoamrishwa walii wa mwanamke mkubwa aliyejikiri mwenyewe, basi walii wa mtoto aliyedanganywa ana udhuru gani wa kumpiga na kumfukuza? Na aliyelazimishwa kwa nguvu, huyo hana dhambi hata kidogo.

Atasema wa tatu: "Kuzungumza na watoto mambo haya ni kukosa haya." Jawabu letu ni kuwa Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Vitabu vya fiqhi tuvisomavyo msikitini vyaeleza hedhi na janaba bila kificho. Na wakubwa wetu wa pwani hawakuwa wajinga: msichana alipovunja ungo alikuwa na somo wake, mwanamke mtu mzima aliyemfundisha usafi na mwenendo na hatari zilizo mbele yake. Leo somo ameondoka, na mahali pake pamekaliwa na simu. Basi mwataka afundishwe na nani?

VI. YANAYOTUPASA

Kwa akina mama: zungumzeni na binti zenu kabla ya miaka 12, kwa maneno wazi, juu ya miili yao na juu ya nani asiyeruhusiwa kuwagusa. Na binti akikwambia kuwa fulani amenigusa, msadiki kwanza, hata kama fulani huyo ni ndugu yako.

Kwa akina baba: semeni na wana wenu wa kiume kama msemavyo na wa kike. Mwana wa kiume aliyeachwa bila adabu ni moto uliopelekwa nyumba ya jirani.

Msichana akinajisiwa, asioge wala asibadilishe nguo, apelekwe hospitali mbio, kabla ya saa 72 kupita. Hapo hupewa dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi, na ushahidi huandikwa. Nambari 116 ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, ifundisheni majumbani.

Msichana akipata mimba, apelekwe kliniki wiki ile ile ijulikanapo, akiwa pamoja na mtu mzima ampendaye. Akisha kujifungua, arejeshwe skuli. Serikali ya Kenya imeruhusu jambo hili tangu mwaka 1994, na mwaka 2020 ikatoa mwongozo mpya wa kuwarejesha wanafunzi wa namna hii. Mwalimu mkuu hana haki ya kumfukuza, na mzazi naye hana haki ya kumzuia. Bibi akimlea mjukuu saa za skuli, amefanya ibada.

Na baba wa mtoto, awe nani, apelekwe mbele ya sheria. Katiba ya nchi, kifungu cha 53, yasema kuwa wazazi wote wawili wana jukumu sawa la kumlea mtoto, wawe wameoana au hawakuoana.

Kwa walimu wa vyuo na maimamu: msimtoe msichana huyu katika darsa. Yeye ndiye mwenye haja nayo kuliko wote. Mlango wa toba Mwenyezi Mungu hakuufunga. Nani aliyetupa sisi ufunguo wake?

Ndugu zetu, sitara tuliyoamrishwa ni kuuzuia ulimi usitangaze aibu ya mtu. Hatukuamrishwa kumzuia mgonjwa asipate tiba, wala kumficha mdhalimu asipate hukumu. Mwenye kumchukua binti yake mkono asubuhi, akapita naye mbele ya baraza mpaka kliniki, akiyavumilia macho ya watu, huyo ndiye aliyemsitiri.

MASUALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA DARSA

1. Ni dalili zipi nne za kifafa cha mimba, na hospitali ya karibu na mtaa wenu iko wapi, na usiku hufikiwa kwa chombo gani?
2. Mwenye fistula husali vipi?
3. Katika mtaa wenu, ni wasichana wangapi waliotoka skuli kwa ajili ya mimba, na ni nani aliyekwenda kuwauliza kama wataka kurudi?
4. Somo wa zamani angerudishwa kwa njia gani katika vyuo vyetu vya leo?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu wa kike na wa kiume, awaponye wagonjwa wao, na atupe moyo wa kuwa wachunga wema kwa tuliokabidhiwa. Wabillahi tawfiq.